Kompyuta Iliyomrudisha Baba Kwenye Kwaya

Tangu tumzike mume wangu, wanaokuja kunipa pole huishia kuniuliza habari za ile kompyuta. Wengine walikuwepo kanisani siku ilipotumika, wengine wamesimuliwa tu, na kila mmoja ana yake. Nimeona niandike kama nilivyoiona mwenyewe, maana machozi yakizidi, hiyo ndiyo siku inayonipa nguvu ya kumshukuru Mungu.

Mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, rafu zimejaa mpaka darini, na watu wote walimwita Fundi, hata mimi, hasa nikiwa nimekasirika. Hakuwa msemaji. Mbele ya baba yangu ndiyo kabisa, aliinamisha kichwa kama yuko kwenye sala.

Baba ni mwalimu wa kwaya. Kanisa letu jipya lilipokaribia kufunguliwa, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na daktari akapiga marufuku kunyanyuliwa kitandani. Na Baba alikuwa ametunga wimbo wa kulifungulia kanisa hilo, wimbo wa sauti nne, unaokwenda polepole, kisha unakimbia, kisha unasimama ghafla. Msaidizi wake alijaribu kuuongoza, besi wakafika mwisho peke yao. Baba alipoambiwa akageukia ukutani. "Basi usiimbwe," akasema. Tangu hapo chakula tulikuwa tunakirudisha jikoni kama kilivyokwenda.

Fundi akafikiri, akaja na lake. Kamera ikae chumbani kwa mzee na nyingine kanisani, televisheni ikae mbele ya kwaya, kompyuta moja huku na nyingine kule, naye aongoze akiwa kitandani. Zote angeziwekea Linux, programu ya kuendeshea kompyuta aliyoisifia kama mtu anavyomsifia mtoto wake wa kwanza, kwa sababu inakubali kuamriwa itangulize sauti kuliko kazi nyingine zote.

Vijana wa kanisa wakatuazima kompyuta yao ya michezo, ina taa za rangi kila upande. Picha ilitoka safi. Sauti ikawa inakatika kama mtu anakanyaga bati, na feni zilivuma mpaka Baba akauliza nani anasaga nafaka saa hizi. Kadi yake kubwa ya michoro, ile inayochora picha za michezo, haikupatana na Linux. Kila ilipopata kazi, sauti ilisubirishwa.

"Lakini Fundi, hii ina nguvu," kijana mmoja akalalamika.

"Nguvu naiona. Mimi natafuta inayofika kwa wakati."

Tukaenda wote wawili kwenye duka la kompyuta zilizotumika maofisini. Fundi alikuwa na Linux yake kwenye flashi mfukoni. Akawa anaichomeka kwenye kila mashine, anaiwasha, anavaa spika za masikioni, anafumba macho. Mwishowe muuzaji akashindwa kuvumilia.

"Kaka, unanunua kompyuta au unaposa?"

"Huyu hapa nilimposa haraka kuliko hivi," Fundi akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Ndiyo maana safari hii anaogopa kukosea," nikasema.

Muuzaji akacheka, akatuletea viti.

Alichagua mbili zinazofanana, nyeusi, nzito, zisizo na kadi kubwa wala taa. Akanieleza kila kitu kana kwamba mimi ndiye nitakayezifunga. Kifaa cha sauti alichukua kile kinachotambulika ukikichomeka tu, bila kudai programu ya kiwanda chake. Zile kamera ndogo za kubandika juu ya skrini alizikataa, kwa sababu chumba kikiwa na giza zinachelewesha picha. Akachukua kamera za video za wapiga picha za harusi, na vifaa vya kuingizia picha zake kwenye kompyuta. Kati ya nyumba na kanisa akapitisha waya juu ya mapaa ya majirani, kwa idhini yao. Mtandao wa hewani hakutaka kuusikia.

Tukajaribu. Sauti safi, picha safi. Lakini wimbo ulipoanza ukawa unavutika, polepole, polepole zaidi, mpaka wakawa wanaimba kama watu wanaosinzia.

"Soprano, mmelala?" Baba akafoka kwenye maiki.

"Mwalimu, sisi tunakufuata wewe," wakajibu.

Fundi akabadilisha waya. Akabadilisha kifaa cha sauti. Akarudi dukani kubadilisha kamera. Bado. Siku ya kufungua kanisa ilikuwa kesho yake, nami nikamvuta jikoni.

"Tatizo ni nini hasa?"

Akanong'ona. "Mashine hazina tatizo. Kuchelewa kulikobaki ni kama kupepesa jicho. Tatizo ni mzee. Anawasikia kwa zile spika za masikioni wakiwa wamechelewa kidogo, anawasubiri, nao wanamsubiri yeye."

"Sasa si umwambie?"

"Mimi? Nimwambie mkwe wangu, mwalimu wa kwaya, asiisikilize kwaya? Mwambie wewe."

"Mimi alishanifukuza kwenye alto. Nenda."

Akaenda. Nilisimama mlangoni nikiomba kimoyomoyo. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, samahani. Wakati wa kuongoza, vua hizo spika."

Baba akamtazama sana. "Mkwe, kwaya nisiyoisikia nitaiongozaje?"

Fundi akashika ukingo wa kitanda. Kisha akasema, "Baba, ukiwa unaomba, husubiri Mungu ajibu neno moja ndipo utamke la pili."

 Baba alivua zile spika, akaziweka juu ya blanketi.

"Waambie wajipange," akasema.

Jumapili nilibaki na Baba. Alikuwa na koti na tai, blanketi kuanzia kiunoni. Akainua mikono, na kwenye skrini midomo ikafunguka. Chumbani hapakuwa na sauti yoyote ila mkono wa koti lake ukikwaruza shuka. Nikazivaa zile spika mimi. Wimbo ulitembea. Ukakimbia, haukuvutika hata kidogo, na mkono wa Baba ulipofunga ngumi, kwaya nzima ikasimama kama mlango uliofungwa.

"Vipi?" Baba akauliza, macho yamemtoka.

"Wamesimama pamoja, Baba. Wote."

Nikamvisha spika, akasikia kanisa lilivyolipuka kwa makofi na vigelegele. Kwenye skrini nilimwona Fundi wangu nyuma ya kwaya, ameinama juu ya mashine zake, na besi wawili wanampigapiga mgongoni. Nikamwambia Mungu asante kwa sauti. Baba akafuta macho kwa tai, akavuta maiki.

"Ubeti wa pili tunarudia. Besi, nimeiona midomo yenu, mlikuwa mmejificha."

Mchungaji, ambaye alikuwa ameshasimama na kufungua Biblia, akarudi akaketi.