Mtaa Usio na Watu wa Kwetu

Wiki iliyopita niliona kwenye simu matanga ya mke wa baba mdogo huko ng'ambo. Sebule ilikuwa kubwa na ndani yake mlikuwa na watu watatu. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu, baba mdogo alipokuja kwetu, mtaa wa Tena, akiwa na ramani.

Nyumba ilinuka mafuta ya mandazi, na upepo ulipogeuka tukanusa jalala la Dandora pia. Baba mdogo alifunga dirisha bila kumuuliza mwenye nyumba. Alikuwa anahamia mji mmoja wa ng'ambo na mkewe na wanawe wawili, na bado alikuwa akichagua mtaa. Mama akamwambia kuna familia za kanisa letu katika mji huo, zingempokea.

“Hapo ndipo sitaki, shemeji,” alisema, akipangusa makombo kwenye ramani yake. “Watu wa kwetu wakishajua mlango wako, hawaachi kubisha. Nataka watoto wangu wasome, si kila siku kupisha wageni kwenye viti.”

Mimi nilidhani watu wa kwetu ni wezi. Jirani alipobisha kuomba chumvi, nilimchunga mikono mpaka akatoka.

Sasa najua kwamba baba mdogo alikuwa mjinga tu, mjinga mwenye ramani. Wiki iliyopita alituomba, kwa sauti ndogo, tumwimbie marehemu. Tuliimba tukiwa tumebanana sebuleni Tena, na majirani walizidi kubisha na kuingia. Wanawe, ambao kusoma kweli wamesoma, walimuuliza kwa Kiingereza tulikuwa tunasema nini.