Nilivyonunua nyumba yangu ya kwanza Kawajense, mvua ikanyesha ikaanza kunuka ng'ombe

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu nimeshaitikia, marahaba.

Nimeona humu vijana wengi wanauliza habari za kununua nyumba, wanajibiwa na watu ambao hawajawahi kununua hata banda la kuku. Nikasema hapana, leo na mimi naandika. Ninayoandika yamenipata mwenyewe. Sijasimuliwa na mtu, na siongezi chumvi.

Ni miaka ya tisini huko. Mpanda bado iko Rukwa, Katavi kama mkoa haijazaliwa. Mimi mzaliwa wa Mpimbwe, nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, nikaolewa nikaja mjini. Nilikuwa nauza mchele sokoni. Mume wangu, baba Vero, alikuwa mfanyakazi wa reli, safari za Tabora. Akiondoka leo, kurudi ni majaliwa ya kichwa cha treni.

Tulikuwa tumepanga Nsemulwa, vyumba viwili. Siku moja mama mwenye nyumba akaja akanikalia jikoni, akasema kijana wake anaoa, vyumba anavitaka kabla ya mvua. Alisema kwa upole kabisa, siwezi kumsingizia.

Lakini ile ilikuwa mara ya nne wanangu wanabeba vyombo kichwani wakati watu wanawaangalia. Mara ya nne! Binti yangu mkubwa, Vero, alikuwa amezoea mpaka akiona mtu mzima anaongea na mimi kwa sauti ya chini anaanza kukusanya sahani.

Nikaapa. Nikamwambia baba Vero, safari hii tukihama tunahamia kwetu. Akacheka, akasema haya mama, tafuta. Nikatafuta.

Enzi hizo hakuna mitandao. Ukitaka nyumba Mpanda ulikuwa unakwenda kwa dalali mmoja tukimwita Kinyozi, kwa sababu kazi yake hasa ilikuwa kunyoa. Watu wakikaa kwenye kiti chake wanaropoka yote, nani anahama, nani anauza, nani kagombana na nduguze. Akimaliza kunyoa ana nyumba tatu za kuuza. Ndiyo ilikuwa ofisi yake.

Akanipeleka Kawajense, mtaa wa pale pale Mpanda. Ilikuwa kiangazi cha kukatisha tamaa, vumbi mpaka kwenye kope. Nyumba ina tofali za kuchoma, bati zima, milango ya mninga, kuta zimepigwa plasta na chokaa mpya, nyeupe pee. Mwenyewe ni mzee wa Kisukuma, mzee Masanja, mfugaji, anahamia upande wa Kasekese kufuata malisho. Alikuwa amekaa kibarazani anasuka kamba.

Kinyozi akaninong'oneza, "Mzee hapendi maswali, mambo yote pitishia kwangu."

Wadogo zangu, simameni hapa kidogo. Dalali akikwambia mwenye mali hapendi maswali, maswali ndiyo kwanza yaanze. Kamisheni yake anaipata siku ya kuuziana, mvua ya mwaka ujao haimhusu.

Ila sitamtupia Kinyozi yote. Na mimi sikutaka kuongea na yule mzee. Wa Mpimbwe mnanielewa. Sisi na wenye ng'ombe tulikuwa tunaangaliana kwa jicho la pembeni, ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wako mara moja unamnunia kila mwenye fimbo. Nikajisemea, mchunga ng'ombe huyu nitamuuliza nini cha nyumba?

Nikakagua mwenyewe. Sasa sikilizeni nilivyokagua, mcheke.

Sikuangalia msingi wala sikugonga ukuta. Nilienda mbele ya nyumba nikainama, nikachota udongo, nikaubana kwenye kiganja, nikaunusa. Kwetu ndivyo tunavyochagua jaruba. Udongo mweusi, mlaini, una mafuta, na kiangazi chote kile bado una ubaridi kwa ndani! Moyo ukanilipuka kwa furaha. Nikaona mchicha, nikaona bamia, nikaona mahindi ya kuchoma mpaka jirani ananiomba. Nilicheka peke yangu pale kama mwehu. Yule mzee akaniangalia, naye akacheka.

Nikamwambia Kinyozi, nachukua.

Tukaandikishana kwa balozi wa nyumba kumi, mke wa mzee yupo, watoto wake wakubwa wapo, majirani wa mipaka wapo. Hapo nilifanya vizuri, najisifu. Usinunue nyumba ya mtu mwenye familia kwa kuonana na baba peke yake. Kesho mama anatokea na mwiko mkononi, nyumba ni yake pia.

Tukahamia. Wanangu walikimbia chumba hadi chumba mpaka nikawapigia kelele. Wiki zile nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Mpanda nzima, mniamini.

Mvua ikaja.

Mvua ya kwanza kubwa imepiga, bati linalia, tumekaa sebuleni tunakunywa uji. Mara harufu. Nikadhani ng'ombe wa mtu kakimbilia barazani kwangu. Nikafungua mlango, hakuna kitu. Nikarudi ndani, harufu iko ndani! Mdogo wa mwisho akaanza kulia "mooo, mooo", wenzake wanakufa kwa kicheko. Na mimi nikacheka.

Mvua ya pili kicheko kikaisha. Sakafu ya sebule ilibonyea katikati kama godoro la zamani. Ukuta wa mbele ukafanya ufa kuanzia dirishani, leo unaingiza ukucha, wiki ijayo unaingiza kidole. Ile plasta mpya ikadondoka kipande kizima, chini yake nikakuta nyufa za zamani zimezibwa.

Nikaenda kwa Kinyozi moto unanitoka masikioni. Alikuwa ananyoa mtu. Akanijibu bila kugeuka, "Mama Vero, si ulikagua mwenyewe? Mbona ulicheka?"

Wakuu, nilitamani kumnyang'anya ule wembe.

Baba Vero aliporudi safari akazunguka nyumba, akakaa. Akasema tuzibe nyufa, tupige chokaa, kiangazi kikifika Kinyozi atatafuta mteja mwingine, tutoke na chetu. Alisema kama mtu aliyechoka, na kwa kweli alikuwa amechoka.

Nikamwambia, "Baba Vero, nikamtafutie mwanamke mwenzangu ukuta wa kumwangukia na watoto wake? Mimi hapana."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kujua nilichonunua."

Kesho yake nikapanda lori la mahindi mpaka Kasekese, nikauliza njia kwa wenye ng'ombe mpaka nikafika kwa mzee Masanja. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nilifika na mzigo kamili.

Mzee akanipokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!", mayu ndiyo mama. Akaita maziwa yaletwe, akanipa kigoda kizuri, yeye akakaa kibovu. Matusi yakaanza kunipungukia, sijui yalienda wapi.

Nikamweleza sakafu, ufa, harufu. Akanisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukawa unabadilika.

"Mayu," akasema, "lakini si ulijua?"

"Nilijua nini, baba?"

"Pale ni zizi. Ng'ombe wangu wamelala pale miaka na miaka. Tulipowahamisha, kijana wangu akajenga pale pale, nikamkataza hakusikia. Mimi nilikuona ukishika udongo, ukanusa, ukacheka. Nikasema huyu mama ni mkulima, ameshaona zizi, anataka kulima. Kwetu zizi la zamani ni shamba la kugombaniwa. Nikafurahi, nikajua halitapotea bure."

 Mzee wa watu hakunificha zizi, na ile plasta na chokaa, aliniambia, vilikuwa shauri la Kinyozi. Nilishika samadi mkononi, nikainusa mwenyewe na pua yangu, nikalipia. Na swali moja tu, "Baba, hapa palikuwa na nini zamani?", lingenijibu yote. Sikumuuliza kwa sababu ya nongwa ya mpunga ambayo hata si yeye aliyenifanyia.

Nilikwenda kudai nirudishiwe. Nikajikuta nauliza kitu kingine. Nikamwambia, "Baba, zizi liliishia wapi?"

Akanitazama sana. Akasema, "Nitakuja kukuonyesha."

Na alikuja kweli. Akatembea kiwanjani na fimbo yake anachora mstari chini, anasema hapa palikuwa na uzio wa miiba, hapa lango, hapa ndama. Nyumba karibu yote ilikuwa ndani ya mstari. Lakini kule nyuma, jikoni na choo, palikuwa nje. Nikachimba pale pale akiwa amesimama. Shubiri chache tu chini nikakuta changarawe nyekundu, ngumu, jembe linaruka. Sehemu ile nilikuwa naidharau, niliona hata mchicha hauoti.

Mzee akasema, "Mayu, nyumba haili udongo. Inataka pa kusimama tu."

Nikaamua. Nyumba naivunja kabla haijatuvunja.

Majirani walisema nimerukwa na akili, mwanamke anabomoa nyumba mume yuko safarini. Waseme. Mvua ilipokatika tukahamia jikoni wote, tukabanana na masufuria. Fundi akashusha bati moja moja, akang'oa milango na madirisha, kisha tofali. Bahati nzuri zilikuwa zimeunganishwa kwa udongo, si saruji, zikaachia bila kuvunjika sana. Mimi na wanangu tulizisugua, tukazipanga. Msingi mpya kule nyuma nilisimamia mwenyewe uchimbwe mpaka changarawe, fundi alitaka kuishia juu nikamwambia shuka. Akasema mama inatosha. Nikamwambia shuka! Mwishoni akawa akiniona tu anashika sururu.

Baba Vero alirudi akakuta mbele hakuna nyumba. Alisimama na begi lake barabarani. Nikadhani leo ndoa imekwisha. Akavua shati la kazi, akaanza kubeba tofali. Tulibeba wote mpaka jioni.

Tulisimamisha vyumba viwili tu kwanza, kule nyuma kwenye changarawe, bila plasta, bila chokaa. Kule mbele kwenye zizi nikapanda bustani, na mchicha wake uliniletea wateja mpaka wa sokoni, hilo sifichi.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaotaka kununua. Nyumba itazame kiangazi, halafu subiri uitazame tena mvua ikinyesha. Ukishindwa kusubiri, basi waulize majirani wa kushoto na kulia maji yanapita wapi. Chokaa mpya kwenye nyumba inayouzwa, ikwangue kwa ukucha, mwenyewe akinuna anune. Tafuta fundi wako, usikubali fundi aliyeletwa na dalali, wanakula sahani moja hao. Na mwenye mali kaa naye chini, hata kama kabila lake na lako mnaviziana, hata kama Kiswahili chake kinachechemea. Muulize ardhi ile imefanya kazi gani kabla yako. Hati na mashahidi vitakwambia nani mwenye nyumba. Chini ya nyumba kuna nini, hiyo utaambiwa na aliyeishi pale.

Na nyie mnaouza, mtu akicheka kiwanjani kwako, muulize anacheka nini. Hahaha.

Nimalizie hili.

Mvua ya kwanza kubwa baada ya kuhamia vile vyumba vipya ilikuja mchana. Mawingu meusi, radi, upepo. Nikamkosa Vero. Nikamkuta chumbani amepiga magoti, anakunja nguo za wadogo zake anaziingiza kwenye kiroba, ameshafunga na sahani kwenye kanga yangu.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Najiandaa, mama. Safari hii tunahamia wapi?"

Nilimwaga kile kiroba chote sakafuni. Nikamshika mkono, tukakaa chini juu ya ile sakafu, mvua inapiga, nikamwambia weka mkono ukutani. Akaweka. Akakaa nao pale muda mrefu, anasikiliza. Ukuta haukusogea.

Akaanza kurudisha sahani kabatini.

Haya wakuu, uwanja wenu. Aliyetapeliwa aseme, aliyefanikiwa aseme, anayetaka kununua aulize kabla hajatoa hela. Na mwenye kunicheka kwa kunusa samadi nikalipia, anicheke tu, mimi nipo kwangu.