Nusu ya Punje ya Kahawa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitema punje ya kahawa niliyopaswa kuimeza. Nimeandika habari hii mara nne, na mara tatu niliandika kwamba iliniponyoka. Haikuniponyoka.

Leo jirani amenikaribisha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa pamoja na majani ya kunukia kisha kukaushwa. Harufu yake imenirudisha kwenye migomba ya bibi, kwa msichana ambaye bibi alimlea bila kutuambia sisi wajukuu ni wa nani. Michezoni hatukumwita.

Mlimani palikuwa na pango. Tuliamini ndani yake kuna ufalme, na kwamba anayeingia bila ndugu wa kumngoja mlangoni harudi.

"Basi tuchanjiane damu," yule msichana aliniambia. "Uwe ndugu yangu, kama wanavyofanya wakubwa."

Tulijikwaruza tumboni kwa mwiba, tukapaka damu kwenye nusu mbili za punje moja, tukalishana. Yeye alimeza. Mimi niliificha yangu chini ya ulimi, na alipogeuka nikaitema.

Aliingia pangoni akiimba. Sauti yake ilipopotea, nilikimbia nyumbani, nikajificha migombani hadi jioni.

Alirudi jioni, magoti yamejaa kinyesi cha popo.

"Ulikuwa na nani huko?" bibi alimuuliza.

"Na ndugu yangu. Alinisubiri mlangoni," alijibu bila kunitazama.

Bibi alinisifu mbele ya wote, nami nikazipokea sifa hizo.

Siku hizi mtu akiniuliza nina ndugu wangapi, huanza kwa kumtaja msichana yule.