Tangi la Choo la Bi Gia

Bi Gia hakuumbiwa kukaa. Madereva wenzake wa malori walimpa jina hilo kwa sababu mkono wake haukutulia hata gari likiwa limezimwa. Alipostaafu alichukua akiba yake yote akanunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, choo nyuma ya mlango mwembamba, na tangi la kupokelea uchafu chini ya sakafu. Alizunguka nalo hadi goti lilipovimba. Ndipo mwanawe wa pekee, muuza miwani, mtu wa maneno machache, akamwegeshea gari uani kwake, karibu na chemba ya maji machafu, akamwambia, "Pumzika hapa, mama."

Goti likapona, tangi likaugua.

Harufu ilianzia ndani ya gari, ikahamia uani, ikaingia chumbani kwa mwanawe bila kubisha hodi. Asubuhi moja, kabla ya kwenda dukani, alisimama mlangoni ameziba pua. "Mama, nikirudi mchana nikaikuta bado, namwita yule mnunuzi aje alichukue gari. Chumba chako cha ndani kiko tayari tangu zamani."

Chumba hicho Bi Gia alikijua. Kilikuwa na pazia zuri na dirisha linalotazama ukuta. Bila gari lile angekuwa bibi wa kuulizwa kama chai yake itiwe sukari au isitiwe, mpaka siku ya kufa.

Basi akaanza kazi, na mkwewe, mke wa mwanawe, akamfuata amejifunga kitambaa puani. Kipimo kilisema tangi limejaa. Bi Gia akaunganisha mpira kwenye tundu la kutolea, ncha nyingine akaitumbukiza ndani ya chemba, akavuta mkono wa vali. Yakatoka maji ya kujaza ndoo, yakakoma.

"Labda mpira umeziba," mkwewe akasema. Wakaufungua, wakapitisha maji, yakapita. Labda ni bomba la hewa, maana tangi lisipovuta hewa juu halimwagi chini. Mkwe akapanda ngazi, akachungulia paani. Bomba lilikuwa wazi. Bi Gia alilizunguka gari akinung'unika, akalipiga tangi ngumi, akasimama, akaanza upya. Mkwewe alimwomba akae kidogo. Angeuomba upepo, ungemsikia zaidi.

"Ukitumia choo unamwaga maji kiasi gani?" mkwewe akauliza.

"Kikombe," alijibu Bi Gia. Dereva wa masafa marefu hafuji maji.

"Kikombe, mama?"

Hapo Bi Gia alijua nusu ya ugonjwa. Uchafu usio na maji ulikuwa umejirundika na kugandamana. Lakini ilikuwa nusu tu, kwa sababu hata maji machache yaliyokuwamo hayakutoka yote.

Alipanda garini kuchemsha maji, na kitunguu kikaanguka kutoka mezani. Kikabingirika sakafuni peke yake, kikaenda kugonga ukuta wa kushoto. Bi Gia alikikodolea macho. Gari lilikuwa limeinamia kushoto, na tundu la kutolea lilikuwa kulia. Na kwa miezi mingi alikuwa akiamka na kichwa kizito, akiulaumu uzee.

Alishuka, akapiga magoti kwenye magurudumu ya kulia, ambako hakuwa ameinama tangu goti limsumbue, akayapangua majani kwa mkono. Chini ya magurudumu palikuwa na mbao nene zilizopandanishwa, na mbele na nyuma ya kila gurudumu kipande kimepigiliwa misumari. Mwanawe alikuwa amemwambia kuwa amelinyanyua gari ili kitanda kinyooke. Lakini Bi Gia alikuwa ameegesha malori maisha yake yote. Mbao za kunyoosha gari hazipigiliwi vizuizi pande zote mbili. Hizi ziliwekwa ili gari lisiondoke bila jeki na mtu wa pili. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Hasira ilimpanda hadi akaisahau harufu.

Mwanawe aliporudi alimkuta amesimama uani, jeki mkononi.

"Umenifunga," Bi Gia alisema. "Kama mbuzi."

Muuza miwani aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. "Utotoni, kila safari uliondoka nimelala, mama. Naamka, nauliza, shangazi ananiambia umeshafika mbali. Safari hii nilitaka angalau nisikie ukiondoka."

"Sikutaka ulie."

"Nililia vilevile."

Bi Gia alikuwa ameandaa maneno ya kumkata mtu vipande vipande. Badala yake alimpa jeki.

Mbao zikatolewa, gari likakaa sawa, na tangi likanguruma lenyewe. Wakamimina maji ya moto chooni, ndoo baada ya ndoo. "Sasa linataka kutikiswa," Bi Gia alisema, akaliendesha mitaa ya jirani, juu ya matuta na mashimo, uchafu ukichapa kuta za tangi. Kila alipoiona njia panda ya barabara kuu, mguu ulimwasha. Lakini alirudi. Alipoivuta vali, mzigo wote ukashuka kwa kishindo, mpira ukamponyoka mwanawe mikononi, ukampaka hadi kwenye tai. Mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Mnunuzi hakuitwa.

Gari halikunuka tena, lakini mwenye gari hakutulia. Alifua mapazia yaliyokuwa safi, akakagua matairi asubuhi na jioni. Juma lile halijaisha, alfajiri moja, Bi Gia alijaza maji, akafunga makabati, akafungua geti, akakaa kwenye usukani. Barabara ilikuwa tupu.

Akashuka, akaenda kugonga dirisha la mwanawe.

"Amka, baba. Nakwenda."

Mwanawe alitoka pekupeku, shati halijafungwa vifungo. Bi Gia akawasha gari. Mwanawe akatembea kando yake, mkono juu ya mlango, akimsindikiza, na Bi Gia, ambaye hakuwahi kumngoja mtu barabarani, akaweka gia ya kwanza na hakuibadilisha mpaka walipofika barabara kuu.