Ukurasa wa Kigango cha Ngalamba

Usiku ule usingizi ulinikuta mezani na kalamu mkononi, wala sisemi hivyo ili nionekane msomi. Nilikuwa nimechoka, basi. Mbele yangu palikuwa na karatasi niliyopewa na paroko wetu mpya, kijana mdogo mwenye adabu zake, baada ya misa. "Mama Skola," aliniambia, "jimbo linaandika historia yake. Kila parokia, kila kigango, mapadre waliopita, makatekista, yote. Wewe ndiye mwenyeji wa Ngalamba. Niandikie ukurasa mmoja tu, nitaupeleka kwa Baba Askofu Jumatatu." Ukurasa mmoja! Nikasema haya, Padre. Mtu wa kanisa akiniomba kitu siwezi kumkatalia, na ugonjwa wangu ndio huo.

Nusu ya kwanza ilijiandika yenyewe. Kigango cha Ngalamba kilianzishwa na babu yangu mzaa baba, Mwalimu Anselmi. Si mwalimu wa shule. Kwetu katekista naye huitwa mwalimu. Alitundika ringi ya lori kwenye nguzo, akawa anaigonga kwa nondo kila Jumapili asubuhi, na watu wakaja mpaka wakajaza kibanda cha nyasi, kisha wakachoma matofali wakajenga kanisa. Padre alifika mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa ni babu. Alifundisha, alizika, alibatiza vitoto vilivyokuwa vinakata roho, na akiitwa haangalii mvua wala njaa. "Ukiitwa kwa ajili ya mgonjwa," alikuwa anatuambia, "viatu unavivalia njiani."

Halafu kaka yake akafa, naye akamrithi mjane awe mke wa pili, ili watoto wasitawanyike. Ukatekista akavuliwa na komunyo akazuiwa. Hakugomba. Miaka yote iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa, kila Jumapili, wenzake wanakwenda kupokea, yeye anabaki ameinama. Hata hilo niliandika, maana ni kweli na wazee wanalijua.

Nusu ya pili ndiyo iliyonishinda. Leo Ngalamba hakuna kitu. Mabati yameng'olewa, mbuzi wanalala altareni, na paroko anataka nieleze kwa nini. Nikaandika: "Kigango kilififia kutokana na waumini wengi kuhamia mjini kutafuta maisha." Nikaisoma mara mbili. Sentensi nzuri, haina kosa hata moja isipokuwa kwamba ni uongo. Nikaweka kichwa juu ya mkono nikalala palepale.

Nikajiona niko Ngalamba, mchana kweupe, na paa la kanisa lipo. Mabati yanang'aa kama siku yalipopigiliwa. Babu amesimama nje na shati lake la kaki, anaigonga ringi kwa nguvu zake zote, lakini ringi haitoi sauti. Anagonga, anafuta jasho, anagonga tena. Nikajua anawaita watu na hakuna anayesikia. Nikataka kumwambia babu acha, utajiumiza, mdomo ukakataa kufunguka.

Akaniona. Akaweka nondo chini. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

Jamani, salamu hiyo nimeiitikia tangu sijui kutembea. Milele amina, maneno mawili tu. Hayakutoka. Nimesimama mbele ya babu yangu aliyekufa nimekodoa macho, na nyuma yake naona wanawake wanaingia kanisani mmojammoja, kila mmoja amebeba kitoto kichanga, na vichwa vya vitoto vyote vimelowa maji. Hakuna kinacholia. Ni wale aliowabatiza usiku usiku wakafa kabla ya kucha. Wanapita kando yangu bila kunitazama, wanakwenda kukaa kwenye benchi la nyuma, na benchi haliishi nafasi.

Nikawafuata. Kuvuka kizingiti, kanisa si kanisa tena, ni uwanja wa parokia, nami nimevaa kitenge cha sare na mkononi nina sinia la wali. Nikaijua siku hiyo. Mungu wangu, niliijua.

Hapa inabidi ndoto ingoje kidogo niwaambie, maana kwa miaka yote hii sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Ilikuwa siku ya Kipaimara, Baba Askofu anakuja, na mimi ndiye niliyeshika jiko. Alfajiri yake babu alikuwa amezidiwa. Yule mjane aliyemrithi alikuwa amekufa karibuni, hakuna tena kilichomzuia, na babu alitaka kitu kimoja tu duniani: padre aje, aungame, apakwe mafuta, apokee. Akanishika mkono. "Skola, unakwenda parokiani. Niitie Padre. Leo." Nikasema ndiyo, babu. Nikaenda. Padre Leonsi, paroko wa wakati huo, alipita jikoni zaidi ya mara tatu. Mara moja alisimama karibu yangu kabisa, akaonja mchuzi, akaniuliza, "Mambo yote sawa, Mama?" Nikamtazama alivyolowa jasho. Nikafikiri: nikimwambia sasa hivi atapanda pikipiki aende, na Askofu atafika amkose, na mimi nitakuwa nimeharibu siku ya parokia nzima. Nikasema, "Sawa, Padre." Nilijiambia nitamwambia baada ya chakula. Baada ya chakula kukawa na ngoma, baada ya ngoma kukawa na zawadi, na baada ya zawadi Padre akamsindikiza Askofu.

Nilirudi kwa babu magharibi. Alikuwa ameagiza wamwandalie kila kitu: kigoda, juu yake kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, na kikombe cha maji ya baraka. Macho yako mlangoni. "Umemwita?" Nikasema, "Nimemwita, babu. Anakuja." Akafurahi kwelikweli. Akaomba wamvike shati safi. Alikufa kabla ya jogoo, ameelekea mlangoni, na mshumaa ulikuwa bado unawaka.

Msibani baba mdogo Fabiani, mtoto wa mwisho wa babu, aliniuliza mbele za watu: "Skola, ulimwita Padre au hukumwita?" Nikajibu, "Nilimwita. Alisema ana mgeni." Hivyo tu. Maneno manne, nimeyahesabu mara nyingi. Na kwa kuwa babu alikuwa ametengwa miaka yote ile, ukoo mzima ukaamini papo hapo. "Kama kanisa halimtaki baba," baba mdogo akasema, "na sisi halituoni tena." Walimzika wenyewe. Jumapili iliyofuata hakwenda mtu, wala ile iliyofuata, na ukoo wetu ndio uliokuwa Ngalamba. Wengine walihamia kwa walokole, wengine wakakaa nyumbani. Mabati wakang'oa waliyoyanunua wao.

Padre Leonsi aliposikia alikuja kwa baba mdogo. Mnajua alisema nini? Hakusema anasingiziwa. Alisema, "Sikumbuki kuambiwa, lakini siku ile kichwa kilikuwa kimejaa. Kama niliambiwa nikasahau, nisameheni." Akapiga magoti mavumbini. Baba mdogo akampa mgongo akaingia ndani. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai ya Padre mkononi. Kinywa ninacho, ulimi ninao. Nikanyamaza. Alihamishwa, akaugua, akafa akiamini kwamba alimwacha mzee afe bila sakramenti. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua maisha yote, na bado natembea.

Basi ndotoni nimeshika sinia la wali, na Padre Leonsi anakuja kuonja mchuzi. Nasema moyoni, sasa. Sasa mwambie, mjinga wewe, umepewa mara ya pili. Nafungua mdomo, na mdomo wangu unasema, "Sawa, Padre."

Nililia ndotoni. Sinia likaniponyoka, wali ukamwagika, na nilipoinama kuuzoa nikaona nazoa udongo wa sakafu ya chumba cha babu. Kigoda kipo. Kitambaa cheupe kipo, msalaba, mshumaa. Babu amelala, shati safi limekaa vizuri, macho yako mlangoni.

Mlango unafunguka. Padre Leonsi anaingia, viatu vimejaa tope, kamba za viatu zimelegea hazijafungwa. Shingoni ana kile kimfuko cha mafuta matakatifu. Anahema kama mtu aliyekimbia njia nzima.

Babu anamwangalia. Hana hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniua. "Umechelewa, Padre," anasema.

"Sikuitwa, Mwalimu."

Wote wawili wanageuka kunitazama. Nawaambieni, kama babu angenipiga ningeshukuru. Kama Padre angenilaani ningesema amina. Wananitazama tu, kama watu wanaongoja mtoto amalize kuvaa viatu waondoke. Nikapiga magoti. Nikashika ukingo wa kitanda, nikataka kusema nisameheni.

Padre anakaa kwenye kigoda, juu ya kitambaa kilekile, na kigoda hakilalamiki. Babu ananyoosha mkono, anaushika wangu. Mkono wake wa baridi, una sugu zilezile za nondo.

"Mimi nimeshafika, Skola," Padre anasema. "Mwana wa Mwalimu ndiye bado yuko nje."

Na babu, kwa sauti ile ya alfajiri ile: "Nenda ukamwite. Leo."

Nikaamka. Shavu limelala juu ya karatasi, na wino umeenea kwenye neno "mjini" hata halisomeki. Nje kunapambazuka. Mkono wangu wa kulia wa baridi kabisa. Sikuwasha moto. Niligeuza karatasi nikaandika nyuma yake, bila kufikiri, bila kupamba: "Kigango cha Ngalamba kilikufa kwa sababu ya uongo wangu. Padre Leonsi hakukataa kuja kwa Mwalimu Anselmi. Hakuitwa. Aliyetumwa kumwita ni mimi, Skolastika." Nikaikunja nikaitia kifuani, nikatoka, na viatu nikavivalia njiani.

Lakini hebu nisijisifu, maana nilijua ninakwenda kwa nani. Baba mdogo bado yuko hai, kama kule ni kuishi. Akili ilianza kumtoka kidogo kidogo. Siku hizi ananiita kwa jina la mama yangu, akishiba anasema hajala, na wanawe hajui yupi ni yupi. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia akiwa na akili zake timamu. Nilikuwa nayo yote. Nilikuwa napita mlangoni kwake nikielekea misa, ananigeuzia uso, nami nasema moyoni, kesho.

Nilimkuta nje, wamemtoa aote jua, blanketi magotini. Anatazama njia inayotoka parokiani. Nikapiga magoti mbele yake, palepale alipopiga magoti Padre, nikamshika mikono nikasema yote. Jikoni, mchuzi, Askofu, "Sawa, Padre." Nilisema, "Baba, sikumwita. Nilimdanganya babu, nikakudanganya wewe. Padre wa watu hakuwa na kosa. Nisamehe." Sauti ilitoka safari hii. Nililia mpaka mkwe wake akatoka ndani kutazama kuna nini.

Baba mdogo alinisikiliza, au alinyamaza, sijui tofauti. Kisha akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu augue akanitaja kwa jina langu mwenyewe.

"Skola. Umerudi?"

"Nimerudi, baba."

"Padre yuko wapi?"

Nilimwambia tena, polepole, neno kwa neno: "Sikumwita, baba. Hatakuja."

Akanipigapiga mkononi, kama unavyomtuliza mtoto, macho yamesharudi njiani. "Usilie. Si umemwita? Atakuja tu," akasema. "Padre yule ni mtu mwema, hawezi kukataa. Waambie wawashe mshumaa."

Nikaingia ndani, nikauomba kwa mkwe wake, nikauwasha juani, nikakaa naye tukitazama njia.