Mkosi wa Isambaza

Anastase, fundi viatu wa mtaani kwetu Mbugangari, ameishabikia timu yetu ya Isambaza miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sijawahi kumsikia akisema tutashinda, ila mara moja tu. Akifika uwanjani husalimia watu, kisha hutangaza kipigo. "Leo tunakula tatu," anasema, anakaa palepale kwenye mawe meusi nyuma ya goli, mikono imebana magoti. Tukitangulia kufunga ndipo anaugua kabisa. Jasho linamtoka, anasimama, anaenda kukojoa, anarudi, anauliza zimebaki dakika ngapi. Hutulia tukishasawazishiwa.

Mtu huyu asiye na imani ndiye aliyekuwa akishona viatu vya wachezaji kila Alhamisi, bure. Viatu vya kipa wetu amevibadilisha soli mara nne.

Mwaka juzi tulikuwa tunazama. Ilibaki mechi moja, nyumbani, na tukifungwa tunashuka daraja. Jolly, mwenyekiti wa mashabiki, aliyekulia Uganda na anayejiona msomi, akaitisha kikao. Akasema tatizo si kocha wala mshambuliaji, tatizo ni mdomo wa Anastase. Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka, maana ni rahisi kumfukuza fundi viatu kuliko kumpata mshambuliaji. Nikatumwa mimi, Habumugisha, kwa sababu ni jirani yake.

"Anastase, batu banasema kesho usikuye kwa uwanja," nilimwambia.

Hakukasirika. "Bon, sawa. Hata mi nilikuwa nawaza hivyo."

Akaenda Kanzenze kwa dada yake kuvuna viazi, na redio akaiacha nyumbani. Tukashinda mbili kwa moja.

Hapo ndipo tulipommaliza. Kama tungefungwa siku ile, angerudi mahali pake na maisha yangeendelea. Kesho yake aliposhuka kwenye pikipiki alikuta mtaa mzima unaimba. Akaimba nasi, akalia, akamkumbatia Jolly. Halafu nikaona uso wake ukibadilika taratibu.

"Donc ni mi," alisema. "Kumbe mkosi ni mi."

Jolly akampigapiga begani. "Ni wewe, mzee wangu. Asante sana kwa kutokuja."

Watu waliangua kicheko, na mimi nikiwemo.

Msimu mpya hakukanyaga uwanjani. Alhamisi tulimpelekea viatu, Jumapili alizima redio. Tukafungwa mechi sita mfululizo. Mtu yeyote mwenye akili angesema basi, Anastase hana kosa. Sisi tukasema ni mikono yake, bado inagusa viatu! Nikatumwa tena.

Nilikuta ameshavifunga kwenye gunia, vimepakwa rangi na kutiwa kamba mpya.

"Nilijua mutakuya," alisema. Kisha akatamka neno ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake. "Sasa mutashinda."

Tulifungwa nne bila. Soli ya kipa ilifunguka kipindi cha pili, akateleza, la tatu likaingia anatazama.

Jumatatu asubuhi nilipita kwenye kibanda chake. Alikuwa ameshapata habari. Nilitegemea kukuta msiba, kumbe amesimama mlangoni, uso unang'aa, msumari bado uko mdomoni. Akautema.

"Nne! Na mi sikukuwa kwa uwanja, sikushika viatu, redio nilizima! Habumugisha, haikukuwa mi! Hata siku moja haikukuwa mi!"

Miaka kumi na tisa nimemjua, na sijawahi kumwona na furaha ya namna ile. Nilitakiwa kusema neno moja tu: ndiyo. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nikafikiria Jumapili ijayo, na nyingine, na nyingine, tumekaa pale kwenye mawe tunafungwa bila sababu, bila mtu wa kumlaumu. Hofu ikanishika. Na safari hii hakuna aliyenituma.

"Wakati wa mechi," nilimwuliza, "ulikuwa unatuwaza?"

Akakaa polepole kwenye kigoda. Akachukua kiatu cha mteja, akakigeuza, akakirudisha chini.

"Ni kweli," alisema. "Dakika zote tisini."