Siku Kapita Alipotolewa Nje

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji na kuni, huko kwetu Karuba, nilifuga kinyonga. Hata leo nikisimulia hivyo, watu wa milimani husogea nyuma kidogo kana kwamba bado ninaye begani. Nilimkuta shambani, kwenye vijiti vya maharage, akiwa na pembe tatu usoni kama ng'ombe aliyezidishiwa. Nikamwita Kapita, kwa sababu alitembea kama msimamizi wa vibarua: hatua moja, anasimama, jicho hili linatazama huku na lile kule, wala hana haraka na mtu.

Wageni husifu majani yetu na maziwa yetu, lakini baridi yetu hawaijui. Asubuhi nilimkuta Kapita amekakamaa, mweusi, hawezi hata kufumba mkono. Hakuna aliyenifundisha la kufanya. Nilimpeleka juani taratibu hadi rangi ya kijani ikamrudia, na jioni nilimwingiza jikoni ndani ya kikapu chenye matawi, mbali na moto ili asikauke, chini kabisa ili moshi usimfikie. Wakati wa kiangazi nilimdondoshea maji juu ya jani, naye akayalamba. Nilikuwa mtoto, lakini kiumbe yule aliishi kwa sababu yangu, na nilijua hivyo.

Koko, mama yake Papa, tuliishi naye nyumba moja. Siku za jua hakuwa na neno na Kapita. Alikuwa akiua nzi kwa jani na kuniwekea pembeni. "Mupe huyu mukubwa wako," alisema, akicheka bila meno.

Mvua ilikuwa habari nyingine. Kwetu radi huitwa nkuba, na wazee husema hushuka kama jogoo wa moto anayetafuta kitu chekundu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kitenge chekundu kinafichwa chini ya godoro, mtoto anavuliwa shati jekundu, kioo kinageuziwa ukutani. Sasa kinyonga ni kiumbe anayeweza kubadili rangi wakati wowote. Kwa hesabu ya Koko, kuwa naye ndani wakati wa radi ilikuwa sawa na kulala na nguo nyekundu ambayo bado haijaamua kuwa nyekundu.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Mama alikuwa amekwenda kuuza viazi sokoni Mushaki. Wingu lilipanda upande wa malisho, jeusi, lenye tumbo jeupe, na sisi tuliozaliwa huko tunajua tumbo jeupe lina maana gani: mvua ya mawe. Nilikimbia kumchukua Kapita mtini nikamwingiza ndani. Koko alikuwa tayari ameshafunika kioo.

"Toa ile kitu inje," aliniambia.

"Koko, mawe itamuua."

"Nkuba ikikuya itamutafuta yeye kwanza. Na yeye iko na sisi."

"Haibadilikake mwekundu, Koko. Hata siku moja."

"Bado," alisema.

Neno hilo moja, "bado", lilinitoa machozi ya hasira. Ungemjibu nini mtu anayekuhukumu kwa jambo ambalo bado halijatokea? Juu ya rafu, wakati huohuo, redio ya Papa ilikuwa imekaa, nyekundu kuliko kitu chochote pale kijijini. Nikainyooshea kidole.

"Ile haiko bilamba," Koko alisema, akimaanisha nguo. "Iko redio."

Nikamgeukia Papa, aliyekuwa ameketi humohumo ndani. Papa alikuwa amesoma hadi sekondari. Mara nyingi, Koko akiwa shambani, alinicheka na kuniambia mambo ya nkuba na rangi ni uongo, kwamba radi ni umeme tu, hupiga kitu kirefu. Nilijua yuko upande wangu. Nikamwambia basi amfunike tu kwa beseni, hata barazani, chini ya bati, asipigwe. Ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni.

Papa alimtazama mama yake, akanitazama mimi. "Acha nimutoshe inje," alisema, "tupate amani."

Akamchukua Kapita kwa ncha za vidole, akafungua mlango. Matone makubwa yalikuwa yameanza kupiga bati. Papa hakutaka kulowa. Hakutafuta beseni. Alimweka kwenye kijiti cha kwanza cha maharage alichokifikia, akarudi mbio, akafunga mlango, akajipangusa shati. Nilimwona kwa macho yangu.

Mawe yalishuka kwa kishindo hata hatukuweza kusikilizana. Katikati yake radi ikapiga, nyumba ikatikisika, na baadaye tukaambiwa ng'ombe wa jirani amekufa chini ya mti wa kalitusi.

"Si nilisema?" Koko alisema. "Ilikuwa inamutafuta. Angekuwa humu, ingekuwa sisi."

Majirani waliokuja kutazama ng'ombe walitikisa vichwa, wakamsifu Koko kwa macho yake ya kuona mbali. Maonyo yake yalikuwa yametimia. Hakuna aliyeuliza kwa nini jogoo huyo wa moto alimkuta kinyonga nje, peupe kabisa, akaenda kuchukua ng'ombe.

Kapita nilimkuta mimi, kati ya majani ya maharage yaliyochanika, mawe bado hayajayeyuka. Mwili wake wote ulikuwa rangi ya jivu. Nilimzika bila kumwita mtu.

Koko alifariki zamani, na naye nimemaliza ugomvi. Aliogopa kweli. Alidhani anatuokoa, mimi nikiwemo. Ninaweza kumkasirikia mtu wa namna hiyo, lakini siwezi kumchukia. Hasira yangu ina mtu wake, na mtu huyo hakuamini lolote. Alijua ni uongo, akatekeleza uongo huo kwa mikono yake ili jioni yake iwe tulivu, na hata hatua chache za kuleta beseni zikamshinda. Nimewaona wengi kama yeye tangu hapo, katika mambo makubwa kuliko kinyonga, wanafungua mlango, wanatoa, wanafunga, wanajipangusa shati.

Vita vilipotusukuma kutoka milimani, tulihamia Shasha, kando ya ziwa, na Papa anaishi nasi. Binti yangu anafuga chura katika beseni kuukuu. Jua likichoma sana anamfunikia majani ya ndizi. Msimu uliopita upepo mkali ulitoka ziwani, mvua ikaja ya pembeni, na mtoto akaanza kulikokota beseni kuliingiza ndani. Papa alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, akicheka.

"Mutoto anasumbuka sana juu ya chura," alisema.

"Papa, unakumbuka Kapita?"

"Kapita gani?"

"Kinyonga yangu. Kule Karuba."

Alifikiri kwa dhati, mkono kidevuni. Sikuona hila yoyote usoni mwake.

"Ulikuwaga na kinyonga?" aliniuliza.

Nilishika upande wa pili wa beseni, nikamwambia asogeze kiti chake chura apite.